Jirani akigeuka kero, ubishe mlango upi kwanza?

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Majengo hapa Mombasa, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anauza vyombo vya nyumbani katika soko la Karurumo, kaunti ya Embu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea huku watu wanamsikiliza. Akaniambia: “Kaka, mimi ndiye niliyekosewa, lakini mimi ndiye niliyeshtakiwa. Hii ni sheria gani?”

Ameniruhusu niyaandike yaliyomkuta, bila jina lake wala la jirani yake, na mambo machache nimeyabadilisha ili wasijulikane. Nayaandika kwa sababu si ya Karurumo peke yake. Ukienda Kisauni, Likoni, Malindi au Lamu utayakuta hayo hayo, ila huenda mahali pa nguruwe pakawa na spika ya mkahawa, au maji machafu ya choo cha jirani yanayopita mlangoni kwako.

Kwa wengi wetu huku Pwani, Embu ni jina tulilolisikia sana Mei 2024, pale kaunti zetu za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka na Mahakama Kuu ya Embu ikatoa amri ya kusimamisha marufuku hayo. Karurumo ni soko dogo upande wa Kyeni, si mbali na mji wa Runyenjes. Mashamba ya huko yamegawanywa vipande kwa vipande kwa urithi, baba kwa mwana, mpaka banda la ng’ombe la huyu liko chini ya dirisha la yule. Watu ni wakulima, na mkulima lazima afuge. Mpangaji aliyetoka mji wa pwani akija kuishi katikati yao, mvutano hauko mbali.

Kijana wetu alipanga nyumba pembeni mwa soko, yeye na mkewe na watoto wawili. Mwaka wa pili, mwenye kiwanja cha jirani akajenga banda la nguruwe lililogusa ua wa miti, hatua mbili tatu kutoka jikoni. Mvua ikinyesha, maji ya banda yanavuka ua. Nzi wakaingia mpaka kwenye bakuli la mtoto. Siku ya kwanza tu, kijana akatoka kwa hasira akamwambia jirani kwamba yeye ni Muislamu, nguruwe ni najisi, na banda liondolewe. Jirani akamjibu kwamba ardhi ni ya baba yake, na mpangaji asiyependa harufu arudi kwao Mombasa.

Kutoka hapo mambo yakaharibika. Redio ikawa inafunguliwa kabla ya alfajiri, imeelekezwa ukutani kwake. Mkewe akitoka kuanika nguo anatukanwa. Usiku mawe yanaanguka juu ya bati. Alivumilia miezi minne hivi. Halafu usiku mmoja, baada ya jiwe kumwamsha mtoto akilia, akachukua panga, akaufyeka ua, akavunja mlango wa banda na hori la kulishia, na nguruwe wakatawanyika gizani. Asubuhi polisi walimkuta bado hajanywa chai. Sasa anajibu shtaka la kuharibu mali kwa makusudi, kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitano.

Miezi yote minne, hakuandikisha neno lolote mahali popote. Si kwa chifu, si polisi, si kwa bwana afya. Mbele ya hakimu, mawe ya kwenye bati ni maneno yake tu. Hori lililovunjika lina picha.

Mimi si wakili. Lakini nimekaa na sheria hizi, nikauliza wanaozijua, na nataka kueleza jambo moja ambalo naona linawaponza watu wetu wengi. Ugomvi wa majirani mara nyingi huwa ni mashauri mawili yaliyofungwa katika kitambaa kimoja. La kwanza ni kero: harufu, kelele, moshi, maji machafu, mti unaoangukia paa lako. La pili ni bughudha: matusi, vitisho, mawe, kukufuata njiani, kukusema kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kero inatokana na namna mtu anavyotumia mahali pake. Bughudha inatokana na nia yake juu yako wewe. Kila moja ina mlango wake, na anayebisha mlango wa hii akitafuta dawa ya ile, hurudi nyumbani akisema hakuna serikali.

Tuanze na kero, kwa sababu ndiyo iliyozaa mengine.

Kosa la kwanza la kijana wetu lilikuwa kuleta dini mbele. Simlaumu, ningeweza kusema hivyo hivyo mimi. Lakini sheria ya Kenya haisemi kwamba jirani wa Muislamu asifuge nguruwe, na ufugaji wa nguruwe ni kazi halali inayosomesha watoto huko Embu. Alipoyatamka yale maneno, mbele ya jirani na mbele ya kijiji yeye ndiye aliyekuwa mchokozi, mgeni anayekuja kuharamisha riziki ya mwenyeji. Angesema: harufu inaingia jikoni, maji ya banda yanapita uani, watoto wanaumwa na tumbo. Maneno hayo hayana dini, na ndiyo sheria inayoyasikia. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inataja waziwazi kwamba zizi au banda la wanyama lililojengwa, kuwekwa au kutunzwa kwa namna inayochukiza au inayohatarisha afya ni kero. Haichagui nguruwe, ng’ombe wala kuku. Inaangalia banda liko wapi na linasafishwa vipi.

Na mwenye kulisimamia hilo yuko karibu kuliko mahakama. Ni afisa wa afya ya umma, yule ambaye wazee wetu walimwita bwana afya, na siku hizi ni mtumishi wa kaunti. Akija akaona kero, ana mamlaka ya kumpa mwenye mahali ilani ya maandishi aiondoe katika muda fulani, na asipotii, kumpeleka kortini. Hapo mshtaki si wewe tena, ni serikali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka kazi za kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo mtu wa Karurumo anayenung’unika kwamba polisi wa Runyenjes hawakuja kuondoa harufu, amekwenda ofisi isiyo yake.

Nenda kwa barua, si kwa mdomo. Barua moja ya ukurasa mmoja, tarehe juu, jina lako, mahali, kero ni nini, ilianza lini. Toa nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala yenye muhuri ndiyo utakayoishika siku jirani atakaposema hakuwahi kuambiwa.

Kelele nazo zina kanuni zake. Ziko kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ile ambayo ndiyo iliyounda mamlaka ya NEMA. Kwa makazi ya watu, kiwango cha nje kimewekwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku katika kanuni hizo unaanza saa mbili za jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kidogo sana, hata watu wawili wakizungumza barazani kwa sauti ya kawaida wanapita. Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya ndugu hawatalipenda. Jedwali hilo hilo la viwango lina mstari wa nyumba za ibada. Tunapolalamikia disko la jirani, tukumbuke spika zetu za mihadhara ya baada ya Isha zinazoelekezwa mitaani, na ngoma za arusi zinazokwenda mpaka karibu na alfajiri. Adhana ni dakika chache na majirani wengi wa Pwani wameizoea tangu kuzaliwa. Mawaidha ya saa mbili kwenye spika nne ni jambo jingine, na sijaona aya wala hadithi inayotulazimisha kuyafikisha kwa mgonjwa aliyelala nyumba ya tatu.

Sasa tuseme bwana afya hakuja, au alikuja akanywa chai ya jirani akaondoka. Mlango unaofuata ni mahakama, kwa shauri la madai. Hapa kuna historia fupi inayofaa kujulikana. Sheria ya Mahakama ya Kenya inasema kwamba pale sheria zetu zilizoandikwa hazijagusa jambo, mahakama zitafuata misingi ya sheria za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa hali za watu wa hapa. Ndiyo maana kesi za majirani wa London waliokufa zamani bado zinasomwa katika korti zetu.

Mbili kati ya hizo zinaingia moja kwa moja katika mambo ya Karurumo.

Ya kwanza iliamuliwa mwaka 1879 na inaitwa Sturges v Bridgman. Palikuwa na mtengeneza halua na vitamu vingine, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akitwanga kwa kinu na mchi nyuma ya nyumba yake. Jirani yake, daktari, akajenga chumba cha kupimia wagonjwa kikagusa ukuta huo, na ule mtwango ukawa unamzuia kusikiliza vifua vya watu. Mtengeneza halua akasema, nilikuwa hapa kabla yako. Mahakama ikampa daktari haki. Kutangulia hakukumpa mtu ruhusa ya kumkera jirani aliyekuja baadaye. Lakini katika uamuzi huo huo majaji walieleza kwamba mahali nako kunaangaliwa: kinachokuwa kero katika mtaa wa matajiri huenda si kero katika mtaa wa watengeneza ngozi. Upande huu wa pili ndio unaompa nguvu jirani wa Karurumo. Atasema hapa ni shambani, harufu ya mifugo ni ya kawaida. Na ni kweli, kwa kiasi. Swali ambalo hakimu atajiuliza ni kama harufu hii, katika mahali kama hapa, imevuka kile ambacho mtu wa kawaida wa hapo angevumilia. Ndiyo maana shahidi bora wa kijana wetu hakuwa Muislamu mwenzake bali yule mama wa Kiembu wa upande wa pili wa ua, ambaye naye anafuga, na ambaye naye alikuwa akifunga madirisha.

Ya pili ni ya mwaka 1893, Christie v Davey. Mama mmoja alikuwa akifundisha muziki nyumbani, na ukuta ulikuwa mmoja na wa jirani. Jirani alichoka na vinanda, na badala ya kwenda kulalamika mahali panapostahili, akawa kila muziki ukianza anagonga ukuta, anapiga masinia, anapiga mbinja na mayowe. Mahakama ikamzuia yeye. Muziki wa mafunzo ulionekana ni matumizi ya kawaida ya nyumba, lakini masinia yalipigwa kwa nia ya kuudhi tu, na nia hiyo ndiyo iliyomtia hatiani. Redio ya jirani wa Karurumo, inayofunguliwa kabla ya alfajiri na kuelekezwa ukutani, iko hapo hapo. Mtu akisikiliza redio yake ni jambo moja, na mtu akiigeuza kuwa silaha ni jambo la pili, hata kama sauti ni ile ile. Lakini inabidi uweze kuonyesha nia, na nia huonekana kwa tarehe na saa. Jumatatu nililalamika, Jumanne redio ikaanza.

Katika shauri la namna hii unaweza kuomba vitu viwili: amri ya kumzuia jirani asiendelee, na fidia kwa hasara uliyokwisha kuipata. Mashauri ya mazingira na ardhi yana mahakama yake maalumu, na Embu ipo moja, lakini mahakimu wengi wamepewa uwezo wa kuyasikiliza katika mipaka yao ya fedha, kwa hivyo mtu wa Karurumo huweza kuanzia Runyenjes bila kwenda mbali. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Inafaa ikiwa unachotaka ni pesa ya mali iliyoharibika. Si mahali pa kuombea banda livunjwe. Na muda usikupite: dai la namna hii kwa kawaida lina miaka mitatu tu.

Kuna wanaoniambia kwamba korti ni ya matajiri, jirani mdogo hashindi. Wakumbuke Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Ile ilikuwa kesi ya majirani pia, mtaa wa watu maskini na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kilichopakana nao. Watoto waliugua, watu wakafa. Phyllis Omido na wenzake walikwenda mahakamani wakishika Kifungu cha 42 cha Katiba, haki ya mazingira safi na yenye afya. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaigusa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ilichukua miaka mingi mno, na wengine walikufa wakingoja, hilo siwezi kulificha. Lakini kuna jambo katika Katiba hiyo ambalo linamfaa hata mtu mwenye banda la nguruwe dirishani: Kifungu cha 70 kinasema anayekwenda kudai haki ya mazingira halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu amekwisha kupata hasara au kuumia. Huhitaji kungoja mtoto alazwe.

Twende kwenye bughudha.

Matusi kwa mke wa mtu, mawe juu ya bati, maneno ya “nitakumaliza” si mambo ya bwana afya. Hayo ni ya polisi, na ni ya siku ile ile. Kanuni ya Adhabu ina vifungu kadhaa. Kuzua fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani ni kifungu cha 95, na adhabu yake inafika miezi sita. Kutishia na kusumbua mtu ni cha 238, mpaka miaka mitatu. Kutishia kuua ni cha 223, na hapo ni mpaka miaka kumi. Yanayoandikwa kwenye simu na mitandao yana sheria yake ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018. Ukienda kituoni, hakikisha maneno yako yameandikwa katika OB na upewe namba yake. Afisa akikwambia “nendeni mkaelewane nyumbani”, mwambie kwa adabu kwamba mtaelewana, lakini namba unaiomba. Kama umepigwa, omba fomu ya P3 na uende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kidonda cha wiki iliyopita hakina nguvu.

Lakini kifungu ninachotaka ndugu wasomaji wakijue zaidi ni kimoja kisichotajwa sana barazani. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kuanzia kifungu cha 43, inampa hakimu uwezo wa kumwita mtu ambaye kuna habari kwamba huenda akavunja amani, akajieleze kwa nini asiwekewe dhamana ya kutunza amani kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Hapo hapahitajiki kosa liwe limekwisha kutendeka. Ni kinga. Jirani akitia saini dhamana hiyo, na pengine awe na wadhamini, akirusha jiwe tena dhamana iko hatarini na wadhamini wake watakuwa wa kwanza kumfuata nyumbani kumuuliza. Watu wengi wanangoja waumizwe ndipo waende, na kumbe kulikuwa na mlango wa kabla ya kuumizwa. Kijana wetu, miezi minne ile ya mawe, hii ndiyo dawa iliyomfaa. Hakuwahi kuisikia, na sidhani kama walio wengi kati yetu tumeisikia.

Kuhusu kujichukulia hatua mwenyewe, sheria inaruhusu kidogo sana. Tawi la mwembe wa jirani likivuka mpaka, unaweza kulikata mpaka pale mpaka ulipo. Mwaka 1895 majaji wakubwa wa Uingereza walikubali hilo katika kesi iliyoitwa Lemmon v Webb, na kwa kuwa ni kabla ya 1897 inaingia katika urithi wetu. Lakini hata hapo tawi ulilokata na maembe yake ni ya mwenye mti. Kuvuka mpaka kwa panga usiku na kuvunja banda ni mbali na hapo. Na tazama lilivyomgeuzia mambo. Mwenye kero amekuwa mlalamishi, na aliyekereka amekuwa mshtakiwa. Mawe yale, ambayo yangekuwa msingi wa kesi yake, sasa yanasomeka kama sababu iliyomfanya alipize.

Aliniuliza kama angeweza kupeleka jambo kwa kadhi. Hapana. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na pande zote ziwe ni Waislamu waliokubali kwenda kwake. Jirani wa Karurumo si Muislamu, na banda si ndoa. Hata majirani wawili Waislamu wa Mji wa Kale wakigombana kwa mfereji wa maji, hilo si la kadhi, ingawa hakuna anayewazuia kwenda kwa shekhe wanayemheshimu awasuluhishe. Dini yenyewe imetusisitizia haki ya jirani bila kuuliza dini yake, Mtume (s.a.w.) aliusiwa na Jibrili juu ya jirani mpaka akadhani atafanywa mrithi. Na wanazuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara. Kijana aliposikia sehemu hiyo ya pili akanyamaza kidogo kwenye simu.

Usuluhishi una nafasi yake katika sheria pia, si mambo ya msikitini tu. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zihimize mapatano na njia za jadi za kusuluhisha, mradi zisivunje haki za watu. Ng’ambo ya mto Thuci, kwa Wameru, wazee wa Njuri Ncheke wanajulikana nchi nzima. Embu nako kuna wazee wao, na yupo chifu na naibu wake, na Nyumba Kumi. Mpangaji mgeni hudhani hawa ni watu wa jirani yake na watampendelea. Mara nyingine ni kweli. Lakini mzee wa hapo ana kitu ambacho hakimu hana: anajua ule mpaka uliwekwa mwaka gani, na jirani hawezi kumwambia arudi kwao. Angeanzia huko siku ya kwanza, pamoja na mwenye nyumba aliyempangisha, pengine banda lingesogezwa hatua ishirini na mambo yakaisha. Mwenye nyumba naye amekaa kimya muda wote akipokea kodi, na hilo nimemwambia. Aliyempangisha mtu nyumba hawezi kuwa mtazamaji tu pale mpangaji wake anapokosa utulivu, na kwa kuwa yeye ni mwenyeji, neno lake lingepokewa kwa uzito mwingine.

Ukipata mapatano, yaandike. Karatasi moja, pande zote mbili zitie saini, na mashahidi wawili, na chifu agonge muhuri. Mapatano ya kupeana mikono chini ya mti husahaulika mvua ya kwanza.

Nimeulizwa na kijana huyu afanye nini sasa, kwa kuwa yaliyopita hayarudi. Nilimwambia atafute wakili kwanza, kwa sababu shtaka la kuharibu mali si la kujitetea kwa hadithi. Wakili wake, nashukuru, ameliona jambo vizuri. Ameshauri mambo mawili yaende sambamba: kesi ya jinai ijibiwe, na malalamiko ya banda yaandikwe upya kwa bwana afya, kwa barua, bila neno lolote kuhusu najisi. Ipo pia njia ya mapatano. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu korti kuhimiza pande zipatane katika makosa madogo ya watu binafsi, na ingawa si kila kosa linaingia hapo, mlalamishi akilipwa hori na mlango wake, na akiona kwamba yeye naye anaandikiwa barua na kaunti, moyo huanza kulainika.

Wiki iliyopita alinipigia tena. Bwana afya amekuja na kupima kwa hatua zake, na jirani amepewa ilani. Ua umejengwa upya, kwa gharama ya kijana. Mawe yamesimama, hajui kama ni kwa sababu ya kesi au ni kwa sababu ya mvua. Mkewe amenunua daftari la kurasa mia mbili, la kaunta, na kila siku kabla ya kulala anaandika: tarehe, saa, nini kimesikika, nani alikuwepo. Siku nyingi anaandika “hakuna”. Kesi itatajwa tena mwezi ujao Runyenjes.